Safu Iliyoongezwa kwa Simu

Wiki ile fomu za kujiunga na kidato cha kwanza zilipotoka, steshenari ya Alawi iliyo jirani na stendi ya Babati iligeuka mnada. Wazazi walijaa mpaka barazani, kila mmoja na simu mkononi na namba ya mtihani ya mtoto wake, mashine ya fotokopi ikitoa joto na kelele, na Alawi mwenyewe, kofia imemkimbilia kisogoni, akirudia neno moja tu: "Foleni, jamani, foleni!" Hakuna aliyekuwa na habari na foleni.

Katikati ya msongamano huo akaingia kijana mrefu aliyevaa ovaroli la kijani na buti za mpira zenye matope ya Singe, mtungi wa chuma begani. Alitaka kuchapisha karatasi mbili tu. Akautua mtungi juu ya meza moja ya pembeni, karibu kabisa na laptopu ya mtu, akainua kifuniko kuchungulia ndani. Moshi mweupe ukafurika, ukatambaa mezani na kushuka sakafuni.

"Gesi! Jamani gesi!" mama mmoja akapiga yowe.

Kufumba na kufumbua duka zima lilikuwa barabarani, pamoja na Alawi. Aliyebaki ndani na kijana huyo ni mwenye laptopu peke yake, dada wa miaka ishirini na tisa aliyesuka twende kilioni, sweta la njano juu ya gauni la kitenge, simu ameibana kati ya bega na sikio.

"Mwalimu, nisubiri kidogo," aliiambia simu. Kisha akamgeukia kijana. "Kaka, hicho kitu kikilipuka utanilipa laptopu."

"Hakilipuki, dada. Ni hewa ya baridi tu. Humu nimehifadhi mbegu za madume."

"Mbegu za nini?"

"Madume ya ng'ombe. Kumi."

Yule dada akautazama mtungi, akamtazama kijana kuanzia buti mpaka kichwani. "Kwa hiyo umeingia dukani na madume kumi, hata hodi hukupiga."

Hivyo ndivyo walivyokutana. Najua wapo wanaotaka mapenzi yaanze kwa macho kugongana na moyo kwenda mbio. Ya hawa yalianza na madume kumi na duka tupu, na Alawi alitumia nusu saa kuwabembeleza wateja warudi ndani.

Dada huyo aliitwa Antonia. Alikuwa amekodi pembe ile ya duka, meza moja na viti viwili, na ukutani amebandika kibao alichokiandika kwa mkono wake: JEDWALI, PROGRAMU ZA EKSELI. Wakuu wa shule walinunua kwake jedwali la matokeo, wauza pembejeo jedwali la stoo, kwaya mbili za Bagara jedwali la mahudhurio ya mazoezi. Kutengeneza kulimchukua wiki moja. Kuwahudumia walionunua ndiko hakukuwa na mwisho, na simu ilianza kuita saa mbili asubuhi.

"Dada Antonia, ile programu yako imeharibika. Imejaa alama za reli tupu!"

"Umegusa nini, mwalimu?"

"Sijagusa kitu!"

"Safu imekuwa nyembamba, namba zimekosa pa kukaa. Weka kipanya juu kabisa, katikati ya zile herufi mbili, halafu vuta. Umevuta?"

"Zimerudi! Lakini mimi sikugusa kitu."

Hakuna mteja aliyewahi kugusa kitu. Ndiyo maana Antonia alizifunga hesabu zake zote kwa neno la siri analolijua yeye tu, mteja abaki na visanduku vyeupe vya kujazia, basi. "Kompyuta haikosei," alipenda kusema. "Anayekosea ni anayeandika." Alilisema hilo kwa fahari, na kwa miaka minne hakutokea wa kumwonyesha vinginevyo.

Kijana wa mtungi alikuwa Elibariki, mhimilishaji wa ng'ombe. Kazi yake ni kuzunguka Singe, Maisaka na Bagara kwa pikipiki, kumpandisha ng'ombe aliye kwenye joto kwa mbegu iliyogandishwa, bila dume mwenyewe kuwepo. Wafugaji walimwita Dokta, naye alichoka kukataa. Siku tatu baada ya mkasa wa gesi alirudi na daftari lililowahi kulowa mvua, maziwa, na mengine yasiyotajwa mezani.

"Hili daftari linanuka," Antonia alisema, akilifunua kwa ncha ya kalamu.

"Linanuka riziki, dada."

"Unataka nini hasa?"

"Nijue kila ng'ombe kapandishwa lini na atazaa lini. Ng'ombe anabeba siku mia mbili themanini na tatu. Mimi nahesabu kwa vidole, na vidole vyangu vimechoka."

Jedwali likatengenezwa. Wiki ya kwanza tu simu ikaita.

"Programu imekataa," Elibariki alisema.

"Umegusa nini?"

"Nimegusa kila kitu."

Antonia aliiondoa simu sikioni, akaitazama. Kisha akacheka mpaka Alawi akaacha kuhesabu karatasi, na kuanzia siku hiyo, kila simu ya Elibariki ilipoingia, alivuta kiti kuelekea ukutani ili watu wasimwone uso. Alikuwa amempenda. Yeye mwenyewe alichelewa kukiri, lakini Alawi aliliona ndani ya wiki moja, na nadhani hata mashine ya fotokopi ililiona.

Walikula samaki wa kukaanga kando ya ziwa, wakitazama viboko wanavyoinua pua. Elibariki alijifunza kuvaa shati la draftidrafti lisilo na harufu ya zizi. Antonia alinunua buti za mpira, nyekundu, akaenda Singe kuona ng'ombe alioandika habari zao bila kuwajua.

"Mama yangu atauliza kwa nini Mlutheri," Antonia alimchokoza siku moja.

"Mwambie Walutheri wanafuga vizuri."

"Na wewe utamwambia nini mama yako?"

"Nitamwambia nimempata Mkatoliki anayejua kuhesabu. Atafunga siku tatu kushukuru."

Mwezi wa kumi, mchana, Antonia anakula makande mezani kwake, simu ikaita.

"Mpenzi wa ekseli," Elibariki alisema, "nina ombi. Nimeanza kupima mimba. Siku sabini na kitu baada ya kupandisha, naingiza mkono kuhakikisha. Niongezee safu moja ya kuandika tarehe ya kupima."

"Leo?"

"Leo, kipenzi. Na usikate simu, nikusimulie beberu wa Mzee Octavian alivyokula glavu yangu."

Akasimulia. Beberu alikimbia na glavu inaning'inia mdomoni, mzee anamfukuza kwa fimbo, mke wa mzee anampigia makofi beberu. Antonia alicheka huku mkono wa kulia ukifanya kazi. Akaichomeka safu mpya katikati ya zile za kupandisha, akafunga kwa neno la siri, akatuma. Kwa mteja mwingine yeyote angeijaribu siku mbili kwa tarehe za uongo. Kwa Elibariki hakuijaribu hata dakika moja, maana makande yalikuwa yanapoa na kicheko kilikuwa kitamu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Jedwali lilikuwa linatafuta tarehe ya mwisho kabisa katika mstari wa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe akirudi kwenye joto hupandishwa tena na ile ya mwisho ndiyo inayohesabika. Sasa tarehe ya mwisho ikawa siku ya kupima mimba. Kila ng'ombe atakayepimwa angesogezewa siku ya kuzaa zaidi ya miezi miwili mbele, na hakuna ambaye angeliona kwa sababu hesabu ilikuwa imefungwa. Mwezi wa kumi na mbili Antonia aliwatumia jedwali hilo hilo wahimilishaji wengine saba.

Ng'ombe wa kwanza kupimwa alikuwa Malkia, wa Mama Devota.

Mama Devota ni mjane wa Singe. Malkia alimpata kwa utaratibu wa kikundi cha wafugaji, kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba au wa kupandishwa, unamtunza, na ndama jike wa kwanza unampeleka kwa mwanakikundi anayefuata. Anayefuata alikuwa jirani yake Salvatory, mwenye watoto wanne na banda aliloliezeka tayari, limekaa tupu mwaka mzima likisubiri. Kwa hiyo mimba ya Malkia ilikuwa ya nyumba mbili.

Mwezi wa nne Elibariki alimpigia Antonia.

"Toni, huyu ng'ombe wa Mama Devota jedwali linaniambia atazaa Agosti ishirini. Mimi kichwani nilikuwa na Juni, mwanzoni."

Antonia alikuwa na simu nyingine inayosubiri, ya mkuu wa shule aliyefuta darasa zima. "Umegusa nini?"

"Safari hii sijagusa kitu, kweli."

"Haya, nawe umekuwa kama wao! Eli, kompyuta haikosei. Kichwa chako kina ng'ombe mia mbili. Utaamini kipi?"

Elibariki akacheka, akaamini jedwali. Aliliamini kwa sababu ni la Antonia, nami simlaumu sana, mtu anayependa huwa hivyo.

Mwezi wa tano Mama Devota akampigia. "Dokta, huyu ng'ombe kiwele kinajaa. Na nyuma amelegea."

"Bado, mama. Ni wa Agosti huyo. Endelea kumlisha kama kawaida."

"Mimi naona kwa macho yangu, mwanangu."

"Bado, mama. Nimeangalia kwenye kompyuta."

Mama Devota aliishia darasa la nne. Akatazama kiwele, akaiwazia kompyuta, akarudi kukata majani.

Jumapili ya kwanza ya Juni alikwenda misa ya pili. Angebaki nyumbani kama angejua. Aliporudi, mchana wa baridi na Mlima Kwaraa umejifunika wingu, alimkuta Malkia amelala ubavu, anakoroma, kichwa cha ndama kimetoka na mguu mmoja umekunjwa ndani. Elibariki alifika kwa dakika ishirini. Alimwokoa ng'ombe. Ndama alikuwa amekwisha kufa, na alikuwa jike.

Salvatory alikuja, akamtazama ndama chini, akavua kofia. Kisha akarudi kwake.

Nyuma ya banda, mikono ina damu mpaka kwenye kiwiko, Elibariki alihesabu tena kwa vidole. Akahesabu kuanzia siku ya kupandisha, ikaja Juni. Akahesabu kuanzia siku ya kupima mimba, ikaja Agosti ishirini, siku ile ile ya jedwali. Akajua kila kitu pale pale. Akaona pia kibao cha Antonia ukutani, wakuu wa shule, wauza pembejeo, watu wote wanaomwamini kwa sababu hajawahi kukosea, na akaona jinsi habari inavyokimbia Babati. Kikundi kilipokutana jioni ile ile, alisimama na kusema: "Niliandika tarehe vibaya. Kosa ni langu."

Walimsimamisha kazi. Akainamisha kichwa, akachukua mtungi wake, akaondoka. Kisha akafanya kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza: hakumwambia Antonia. Alijua akimsikia tu sauti atashindwa kumficha, kwa hiyo hakupokea simu.

"Namba unayopiga haipokelewi," Antonia aliambiwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akapokea.

"Eli, unaumwa?"

"Hapana. Nina kazi nyingi."

"Kazi gani ya kukosa hata salamu? Nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu, Toni. Nitakupigia."

Hakupiga. Badala yake alipiga Mzee Octavian, mwenyekiti wa kikundi. Baada ya shikamoo na marahaba alisema kwa upole kwamba Singe wameamua kurudi kwenye daftari. Zile tarehe za kompyuta zimewaletea shida, Dokta mwenyewe amelieleza. Hakufafanua zaidi, na Antonia hakuuliza, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kusimama kwenye yale maneno, Dokta mwenyewe amelieleza.

Aliandika ujumbe akiwa amesimama: "Kama programu yangu ina kasoro ungeniambia mimi, siyo kunitangaza Singe nzima. Asante kwa samaki." Akautuma. Alama mbili za buluu zikatokea, jibu halikuja.

"Mambo ya mapenzi, dada," Alawi alimwambia, akimsogezea chai, "usiyatatue ukiwa umesimama."

"Nimeshayatatua, Alawi. Yamekwisha." Na akalia, sweta la njano likalowa mkono wa kushoto, huku simu ya mteja ikiita mezani mpaka ikanyamaza.

Wiki mbili zikapita. Antonia aliwahudumia wateja wake kwa sauti kavu, na hata mkuu wa shule aliyezoea kubishana alianza kusema samahani. Ndipo asubuhi moja ikaingia namba asiyoijua.

"Wewe ndiye binti wa kompyuta? Mimi Mama Devota wa Singe. Namba nimeitoa kwenye kadi yako aliyoniachia Dokta."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka umwambie Dokta arudi. Hapokei simu zetu. Ndama wangu amekufa, tumemfukuza yeye, na mimi silali vizuri."

Antonia akakaa. "Ndama gani, mama?"

Mama Devota akamweleza yote, kiwele, Agosti, misa ya pili, mguu uliokunjwa. "Akasimama mbele ya watu akasema aliandika vibaya. Binti, mimi nilikuwepo akiandika. Alinisomea tarehe kwa sauti, na ilikuwa ile ile ya siku aliyompandisha. Aliandika sawa. Sasa nakuuliza wewe unayejua mambo haya: mtu ataandika sawa, itokee vibaya?"

"Nipe dakika tano, mama."

Hakuhitaji tano. Alifungua jedwali, akaandika neno la siri, akatazama hesabu yake mwenyewe, na safu ile ya mwezi wa kumi ikamtazama kutoka katikati. Aliikumbuka siku yenyewe, makande, beberu, kicheko. Akakumbuka na sauti yake mwezi wa nne ikisema umegusa nini. Alitamani Elibariki awe kweli amemchafua, kwa sababu hilo lingekuwa jepesi kulibeba kuliko hili, kwamba alibeba lawama yake ili kumkinga.

"Mama," alisema, "ni mimi. Kosa ni la jedwali, na jedwali ni langu. Nitakuja niseme mbele ya wote. Nisamehe."

"Njoo Jumamosi," Mama Devota alisema. "Saa kumi."

Lakini kabla ya Jumamosi palikuwa na wahimilishaji saba. Antonia aliwapigia siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, Magugu, Dareda, Galapo na kwingineko. Wote walipokea kwa kujitetea.

"Dada Antonia, mimi sijagusa kitu!"

"Najua, kaka. Leo nimegusa mimi. Sikiliza. Ng'ombe wako wote waliopimwa mimba, tarehe zao ni za uongo. Hesabu upya kuanzia siku ya kupandisha. Sasa hivi, nikiwa hapa hapa."

Yule wa Galapo alihesabu kwa sauti, akakatika katikati. "Dada, kuna mmoja nimeambiwa Septemba. Huyu ni wa keshokutwa!"

"Kimbia."

Wawili walimtukana. Mmoja alitaka arudishiwe hela, akarudishiwa. Wa Galapo alipiga siku ya tatu, ndama anasikika nyuma yake, na Antonia alifurahi kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Jumamosi alivaa gauni la kanisani, la buluu lenye mikono mirefu, na zile buti nyekundu. Kikundi kilikutana kwenye chumba cha kukusanyia maziwa, watu thelathini na ushee juu ya mabenchi na ndoo zilizogeuzwa. Mama Devota alikuwa amemtuma mtu kumleta Elibariki bila kumwambia kwa nini. Alikaa mlangoni, amekonda kidogo, na alipomwona Antonia akanyanyuka nusu, kisha akakaa.

Antonia alieleza. Hakutumia maneno ya kompyuta. Alichora mistari kwa chaki sakafuni: "Hii siku ya kupandisha, hii siku ya kupima, nami niliiweka hii ya pili pasipostahili."

"Dokta aliandika sawa," alimaliza. "Aliniuliza mwezi wa nne, nikamjibu kwa kiburi. Ndama wa Mama Devota, ambaye angekuwa wa Salvatory, amekufa kwa kosa langu."

"Antonia, kaa chini," Elibariki akasema kutoka mlangoni. "Hili lilikwisha."

"Lilikwisha kwa nani?"

"Mimi nilikwisha kulibeba."

"Nani alikuambia ulibebe? Uliniuliza?" Sauti ilimpanda, akasahau kama wapo watu. "Wiki mbili, Eli! Wiki mbili nadhani umenikinai. Na kuna ng'ombe Galapo alikuwa azae peke yake kwa sababu wewe unanilindia jina!"

La Galapo Elibariki hakuwa amelifikiria kabisa, na lilimwingia. "Sikujua kama na wengine wanalo," alisema polepole. "Nilidhani nakusaidia. Jina lako ndilo duka lako, Toni. Niliona afadhali nipoteze langu."

Chumba kizima kikawa kinamtazama yeye, kisha yule dada, kisha yeye. Mzee Octavian akakohoa. "Jamani, huu bado ni mkutano wa wafugaji?"

Watu wakacheka, isipokuwa Salvatory. Yeye alisimama, akakunja kofia mikononi. "Mimi sina la kucheka. Banda langu liko tupu. Lakini nimeshawahi kukosea, na sikusimama mbele ya watu kama huyu dada. Dokta arudi kazini. Hilo la kompyuta mimi bado sitaki."

Wakakubaliana hivyo. Elibariki akarudishwa, daftari likabaki, na Antonia akapoteza Singe kama mteja. Hakubisha. Nje, karibu na pikipiki, jua la jioni likiwa baridi, walisimama bila kujua mikono waiweke wapi.

"Ulisema asante kwa samaki," Elibariki akasema.

"Nilikuwa na hasira."

"Niliusoma ule ujumbe mara arobaini."

"Na hukujibu hata mara moja." Antonia akaikung'uta chaki vidoleni. "Ukinipenda nipigie simu, Eli. Nipe habari mbaya ikiwa bado mbichi. Nitalia, nitakasirika, halafu nitaifanyia kazi. Hiyo ndiyo kazi yangu kila siku."

"Nimekosa."

"Na mimi nimekosa. Uliniambia Juni, sikukusikia." Akamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wenye kukwaruza, na alikuwa ameukosa kuliko alivyotaka kukubali.

Walirudiana taratibu, kwa tahadhari. Antonia aliyafungua majedwali yake yote, kila mteja akaweza kuiona hesabu ilivyofanywa na kuuliza. Baadhi walivuruga, simu zikaongezeka maradufu, naye akazipokea.

Mwezi wa kumi na moja Elibariki alimpeleka tena kwa Mama Devota. Malkia alikuwa amepandishwa mwanzoni mwa Septemba, na siku ya kupima ilikuwa imefika. Salvatory alikuja kuegemea ua, hakutaka kuingia. Elibariki akatoa glavu ndefu ya plastiki, akampa Antonia.

"Mimi?"

"Umeandika mimba mia mbili. Shika moja."

Mama Devota akaushika mkia. Antonia, buti nyekundu zimezama kwenye matope, akaingiza mkono mpaka karibu na bega, uso ameugeuzia pembeni, macho ameyafumba.

"Kuna joto," alisema. "Yesu wangu, kuna joto sana."

"Shuka chini, taratibu. Usibane. Umepata?"

"Kuna... kuna kitu kimejaa maji. Kinateleza. Eli, kipo! Kimesogea chini ya kidole!"

"Ndiyo hiyo." Elibariki hakuwa anamtazama ng'ombe.

Mama Devota akavuta pumzi. "Atazaa lini, binti?"

"Mwezi wa sita, mama, katikati. Lakini ukiona kiwele kimejaa mapema, usinipigie kuniuliza. Nipigie kuniambia."

Mama Devota akaitikia kwa kichwa, midomo ameibana. Kule uani Salvatory akavaa kofia yake vizuri.

"Toni," Elibariki akasema.

"Usinisemeshe, bado nasikiliza."

"Nikitaka kumtuma mshenga kwenu Bagara, nimtume lini?"

"Elibariki! Unaniuliza mkono wangu ukiwa huku?"

"Nimengoja siku ambayo hutakuwa na mkono wa kukata simu."

"Mjibu mwenzio," Mama Devota akasema. "Ng'ombe anachoka."

Antonia akaliegemeza paji la uso kwenye nyonga ya Malkia. Mabega yakamtikisika, na kwa muda hawakujua kama anacheka au analia. Alipoinua uso, alikuwa anafanya yote mawili.

"Mtume Jumapili ya kwanza ya Disemba," alisema. "Lakini na wewe uje, ukae pale pale, useme kwa mdomo wako. Na mimi nitasema kwa wangu."

"Nitakuja."

"Haya, toa mkono sasa, bibi harusi," Mama Devota akasema, akiuachia mkia. "Mwache mama kijacho apumzike."